Flashi Tatu Kutoka Kampala

Tangu nirudi, kila anayesimama mbele ya kibanda changu cha mitumba hapa Kitale anashika shati, anajifanya anakagua kola, halafu anauliza: "Na Kampala je?" Shati hanunui. Wiki hii yote nimetoa hadithi ya Kampala mara nyingi kuliko nilivyotoa mashati, na ile hadithi naitoa bure. Kwa hivyo nimeiandika mara moja. Anayetaka kusoma asome. Anayetaka kushika kola, anunue.

Mnajua kwamba baba mkwe wangu, Mzee Wafula wa Matulo, alikuwa na uvimbe shingoni. Ulianza kama punje, ukawa yai, na mwaka huu ukaanza kumbana pumzi. Sauti yake, iliyokuwa ikifukuza ng'ombe wa jirani akiwa ameketi tu nyumbani, ikawa kama ya mtu anayenong'ona siri. Tukaambiwa kuna hospitali Kampala inayoutoa kwa bei ambayo ukoo unaweza kuichanga bila kuuza shamba. Jamaa wakasema niende naye mimi, kwa sababu mimi ndiye mjuaji wa kupatana bei. Habari za makaratasi na mihuri naziacha. Sijawahi kuona mtu akichekeshwa na muhuri.

Kitale mpaka Matulo

Tulitoka Matisi, mtaa wetu wa Kitale, mimi na mke wangu Nasimiyu, kwenye pikapu ya jirani anayepeleka viazi Webuye. Nilipatana naye kwamba tutalipa kama abiria mmoja, kwa kuwa Nasimiyu alikaa mbele na mimi nilikaa juu ya viazi, na aliyekaa juu ya viazi ni mzigo. Alikubali. Lakini pale Kiminini gurudumu likapasuka, na "mzigo" ndiye aliyeshuka kuinua jeki.

Matulo ndipo mpango wa flashi, yaani simu ya kulia mara moja na kukatwa bure, ulipofanyika. Simu zilikuwa mbili tu: yangu hii yenye tochi, na ya mama mkwe, aliyoletewa Krismasi na mwanawe wa Nairobi. Mama mkwe hasomi, kwa hivyo ujumbe wa maandishi ukawa hauna kazi. Anajua kitufe cha kijani na chekundu, na kwamba namba yangu inatokea na alama ya nyota, ambayo Nasimiyu alimwekea.

Sasa, nyinyi wa kwetu mnajua, ila wa mbali niwaambie. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaongei wakitazamana. Akiniona njiani anaingia kwenye mahindi. Nikimwona kwanza, mimi ndiye ninayeingia kwenye mahindi. Kwa miaka yote tangu nimwoe Nasimiyu, mama yake namjua kwa ncha ya leso inayopotea nyuma ya jikoni, na kwa sauti.

Basi Nasimiyu akasimama mlangoni, katikati. Mimi nimeketi sebuleni na mzee, mama yuko jikoni.

"Mama, sikia," akasema. "Flashi moja, wamefika mahali salama. Flashi mbili, baba amepasuliwa na yuko mzima. Flashi tatu, kuna shida, tununue kredo tuwapigie. Na wewe ukisikia, jibu kwa flashi moja. Lakini usipokee. Ukipokea tu, kredo ya huyu imeliwa."

Sauti ikatoka jikoni: "Nitampokeaje mkwe? Nimekuwa mwendawazimu?"

Nilifurahi, siwafichi. Watu wengi wameniharibia flashi kwa kupokea haraka, halafu wanasema "Haro? Haro?" huku shilingi zangu zinayeyuka. Hatimaye nilikuwa nimepata mtu mmoja Kenya nzima ambaye hawezi kunipokelea hata kwa bahati mbaya.

"Na flashi nne?" mama akauliza.

"Nne hakuna, mama."

"Sasa kitu kikiwa kibaya kuliko tatu?"

Mzee alikohoa, akaniomba nimfungie kamba za viatu.

Bungoma

Tulifika Bungoma mapema, na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu basi la kutoka Nairobi halikuwa na haraka kama yetu. Tuliambiwa "liko karibu" mpaka neno karibu likapoteza maana. Jua likawa kali. Mzee alianza kupumua kwa mluzi.

Karibu na msikiti kuna duka dogo la kutengeneza redio na simu. Mwenye duka, Mzee Athumani, alitoka bila kuitwa, akamletea baba mkwe kiti chenye mgongo na kikombe cha chai. Mimi niliuliza bei ya chai kwanza. Nimezoea hivyo.

"Kunywa, bwana," akasema. "Hiyo simu yako nayo ilete, niichaji. Mnaenda wapi?"

Nikamwambia. Akatazama shingo ya mzee, akaangalia pembeni kwa heshima.

"Ukifika mpakani chomoa laini yako ya Kenya. Nunua ya kule. Ukiwa ng'ambo na laini ya huku, hata ukipigiwa wewe, unalipa wewe."

"Nipigiwe mimi, nilipe mimi?"

"Ee."

"Si huo ni wizi wenye risiti!"

Akacheka mpaka akashika meza. "Wenyewe wana jina lake zuri. Wewe chomoa tu."

Basi lilipofika nilitoa pesa za kuchaji simu, nikizihesabu mara ya pili kabla ya kumpa, na yeye akanifungia kiganja. "Ukirudi, pita hapa uniambie mzee alipona. Hiyo ndiyo bei yangu."

Nimepatana bei na watu wa kila aina, lakini hiyo sikujua niishushe vipi.

Malaba

Hapa ndipo nilipoona jambo la ajabu. Ukishavuka, nyuma ya ghala moja upande wa Uganda, kulikuwa na wanaume kama kumi wamesimama kimya, wote wameelekea Kenya, simu zimeinuliwa juu. Nilidhani wanaomba. Kumbe ni Wakenya wenzangu wanaotumia mnara wa nyumbani unaovuka mpaka bila pasipoti. Hatua mbili kushoto, mtandao unapotea. Nikajipenyeza katikati yao, nikapata nafasi yangu, nikamwandikia Nasimiyu, aliyebaki Matulo, kwenye simu ya mama yake, kwamba nanunua laini ya Uganda, akiona flashi ya namba ngeni yenye alama ya kujumlisha aiwekee nyota.

Muuza laini alinitajia bei ya mtu aliyeshuka kwenye ndege.

"Mimi ni mtu wa Kitale," nikamwambia. "Hata nguo zangu ni mitumba."

"Kuna na kredo ndani, boss."

"Basi iweke kwenye simu yangu kwanza, tuione hiyo kredo ikitembea."

Akaiweka. Kredo ilikuwepo, ila ilikuwa ya kiwete. Nikapunguza bei, akapandisha, nikaondoka, akaniita, nikarudi kwa unyonge wa kujifanya. Tulipomaliza tulikuwa tumeshakuwa marafiki kiasi kwamba alitubebea begi mpaka kwenye basi.

Nikaflashi mara moja. Baada ya muda mfupi simu ikalia mara moja, ikakata.

"Amesema nini?" mzee akauliza kwa mnong'ono wake.

"Amesema amesikia."

"Kwa sauti gani?"

"Sauti ya bure, mzee."

Akatabasamu, akafunga macho.

Njia ya Kampala

Tulikaa muda mrefu Iganga, dereva akisubiri mtu wa kumletea kitu ambacho hakikuja. Mbele zaidi, baada ya Jinja, basi linasimama mahali ambapo wachuuzi wanasukuma vijiti vya kuku wa kuchoma mpaka usoni mwako. Njaa ilikuwa imenishika. Nilinunua kijiti kimoja baada ya kukataa vitatu, nikageukia dirisha nile bila kumuudhi mzee, ambaye kwa wakati ule alikuwa akimeza uji tu.

"Geuka hapa," akasema mzee, ambaye r na l humponyoka wakati mwingine. "Kula nikiona. Mimi nitakula harufu. Rakini usiimalize."

Mwanamke wa kiti cha nyuma alimsikia. Akampa mzee kipande cha ndizi kubwa, ile tamu ya kuchoma, laini kama siagi. Mzee akaimeza kidogo kidogo, yote. Nikamshukuru yule mama kwa Kiswahili changu kizuri kabisa, naye akanikunjia uso.

"Wewe ni mwanajeshi?"

Nikashangaa. Abiria mwingine akanieleza kwamba huko wazee wengi walisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu wenye bunduki. Mimi kuuza mashati na suruali ndiyo vita pekee niliyopigana. Nilipomwambia yule mama hivyo, akacheka, akatuongezea ndizi.

Kampala nikatuma flashi yangu moja, ikajibiwa moja. Mpaka hapo nilikuwa nimesafiri nchi nzima na kuzungumza na nyumbani bila kutumia senti. Nilijiona mjanja. Kwa muda.

Wodini

Sina la kulalamika juu ya hospitali ile. Walimpokea mzee kama mtu wao. Matoke ya mchuzi wa karanga yalimshinda kuelewa siku ya kwanza ("Hii ni ndizi ama ni ugali umekosea njia?") lakini yalipita kooni, akaomba tena.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Aliniuliza kwa Kiingereza kama mgonjwa amewahi kudhuriwa na dawa yoyote. Nikamtafsiria mzee.

"Mwambie hakuna dawa imewahi kunishinda," mzee akasema.

Nikatafsiri hivyo hivyo.

Asubuhi ya kupasuliwa wakampa kidonge cha kumtuliza. Mzee akalegea, akawa mwepesi wa maneno kuliko nilivyowahi kumwona.

"Watu wa hapa ni wazuri," akaninong'onea. "Sindano yao haiumi. Si kama ile ya misheni, wakati Nasimiyu alikuwa mdogo. Ile ilinilaza siku mbili! Mdomo ukafura kama wa bata." Akacheka kwa mluzi. Nikacheka na mimi.

Halafu nikaacha kucheka.

"Sindano gani hiyo, mzee?"

"Muulize mama," akasema, akalala fofofo.

Nilimkimbilia daktari. Akavua miwani. "Kuna dawa mbili ninazoweza kumpa kabla sijampasua," akasema. "Moja ya hizo inaweza kuwa ndiyo ile. Ikiwa ndiyo, inaweza kumuua mezani. Sidungi kwa kubahatisha. Nina mgonjwa mmoja mbele yake. Nikimaliza bila jibu, mzee wako anarudi kitandani, na mimi kesho nasafiri mpaka mwezi ujao."

Wote wawili tulikuwa tunausikia ule mluzi kutoka kitandani. Mwezi mzima haukuwa ndani ya ile pumzi.

Kibanda cha Nalongo

Nje ya lango kuna kibanda chenye mwavuli, simu ya mezani, na mama mmoja mnene mwenye saa ya kuhesabia dakika za wateja. Wote wanamwita Nalongo, ndivyo wanavyomheshimu mama wa mapacha. Nilisimama pale kwa sababu ndipo mtandao ulipokuwa mzuri.

Nikaflashi mara tatu. Ikarudi moja. Amesikia.

Nikangoja anipigie. Kimya. Ndipo nikakumbuka: Nasimiyu alikuwa amepanga kurudi Kitale asubuhi ile ile. Pale Matulo amebaki mama mkwe peke yake, na flashi tatu mkononi, na dukani hajui kuweka kredo.

Nikanunua kadi kwa Nalongo, nikaikwaruza, nikapiga. Inaita, inaita, haipokewi. Nikapiga tena. Ikajibiwa kwa flashi. Nikapiga tena, naye akarudisha tena. Mungu wangu, mama alikuwa anahesabu! Kila nikipiga, kwake ilikuwa flashi ya nne, ya tano, ya sita, na hakuna aliyemwambia nne ni nini. Ni yeye mwenyewe aliyeuliza ikiwa kuna kibaya kuliko tatu.

Mara hii nikaiacha iite. Sikukata. Ikaita mpaka nikadhani itachoka. Halafu kikasikika kitu kama pumzi.

Hakuna "haro". Hakuna kitu. Nyuma yake, kuku akilialia.

"Wewe kuku," ikasema sauti ya mama mkwe, mbali kidogo, kama mtu aliyeipa simu mgongo. "Muulize huyo mtu kama mwenye boma anapumua."

Nikaelewa: mkwe haongei nami, kuku ndiye mjumbe wetu. "Wewe kuku, mwambie mwenye jikoni anapumua. Amelala tu."

Pumzi ndefu. "Wewe kuku, mwambie huyo mtu tumeshukuru. Muulize kama na yeye ameamka salama."

"Ameamka salama, kuku."

"Muulize kama wanakula."

"Wanakula ndizi, kuku. Mwambie..."

"Muulize kama ndizi za huko zinaiva."

Mama mkwe hakimbizwi. Huwezi. Mimi ambaye huhesabu chenji mara mbili nilisimama pale nikisikiliza kredo yangu ikiulizwa habari za ndizi. Nilipopata nafasi nikasema yote kwa mkupuo: sindano ya misheni, mdomo wa bata, daktari anataka jina.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie huyo mtu ile sindano ilikuwa ya..."

Simu ikakata. Kredo imekwisha.

Nilipogeuka, Nalongo alikuwa amesimama. "Unaongea na kuku?"

"Ni mama mkwe."

Akashika mdomo kwa mikono miwili. "Mama mkwe! Ssebo, bwana we, hata kwetu ni mwiko! Anayeuvunja anapata ugonjwa wa kutetemeka mwili!" Kabla sijaingiza mkono mfukoni alikuwa ameshakwaruza kadi nyingine kwa ukucha wake, ananisomea namba. Nikauliza, "Hii ni ya..." Akanipiga kofi la bega: "Bonyeza!"

Nikapiga. Ikapokelewa mara moja. Kimya. Hata kulialia hakuna.

Nikasubiri. Nikasikia mlango, miguu, sufuria ikianguka, na sauti ya mama mkwe ikisema kwa hasira, si kwangu: "Kuja hapa! Kuja hapa wewe!" Kuku alikuwa ametoka nje. Na bila kuku, mama hakuwa na mtu wa kuongea naye. Nalongo ameweka sikio karibu na langu, ameishika saa yake ya kuhesabia bila kuibonyeza. Nyuma ya ukuta ule daktari anamalizia mgonjwa wake. Na Matulo, mama mkwe wangu anakimbiza kuku.

"Nimekushika," ikasema sauti, ikihema. "Wewe kuku, sikia vizuri. Mwambie huyo mtu ni penisilini. Penisilini. Nesi wa misheni aliniambia nisisahau hata nikizeeka, kwa sababu mwenye boma hatakubali kwamba kitu kilimshinda. Sijasahau. Sasa mwambie akimbie."

Nikakimbia.

Daktari alikuwa ananawa mikono. Nikasema lile neno moja. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia muuguzi alete ile chupa nyingine.

Baadaye, kwenye korido, muuguzi akaniambia mzee ametoka mzima. Nikaflashi mara mbili. Ikarudi moja, kama tulivyokubaliana. Halafu, wakati naiweka mfukoni, simu ikalia tena, ikakata. Ikalia, ikakata. Ikalia. Ikakata. Nne.

Mzee alipoamka, shingo imefungwa bandeji, alikuwa anaruhusiwa midomo tu, bila sauti. Akauliza kwa midomo: ngapi?

"Nne, mzee."

Akakunja uso. Nne hakuna.

"Najua," nikasema.

Kurudi

Nalongo alikataa pesa ya kadi ya pili. Tulibishana juu ya hilo kwa muda mrefu, mimi nikipandisha na yeye akishusha, jambo ambalo sijawahi kulifanya upande ule. Mwishowe nilimwachia koti langu la mitumba. Alilikagua kola kabla ya kulivaa.

Bungoma nilishuka kwenye basi, nikamshika mzee mkono mpaka pale karibu na msikiti. Mzee Athumani akatoka. Nikafungua mdomo nimlipe bei yake, lakini baba mkwe akanitangulia.

"Habali yako, bwana," akasema. Sauti ya kukwaruza, lakini sauti kamili. Athumani akaingia ndani kutafuta kiti, akakaa huko muda mrefu kuliko kiti kinavyohitaji.

Matulo walituchinjia. Nasimiyu alikuwa amerudi. Mzee alipewa supu, mimi nikawekewa kuku mzima na ugali, kama inavyompasa mkwe. Nikaketi sebuleni. Jikoni ncha ya leso ilipita, ikapotea. Chini ya meza yangu kuku mmoja mwekundu alikuwa akidonoa makombo, wala hamwogopi mtu.

Nikashindwa kuvumilia. "Wewe kuku," nikasema kwa sauti. "Muulize mwenye jikoni, flashi nne maana yake ni nini?"

Jikoni mwiko uliacha kugonga.

"Wewe kuku," mama mkwe akajibu, "mwambie huyo mtu nne ni asante. Na mwambie ale, chakula kinapoa. Aliye kwenye sahani si wewe."